Bisi za mchanga

Jumapili, Mpanda

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Kila mkwe wangu Neema akiwasha mashine yake ya bisi, lazima niseme kwamba bisi tamu ni zile za mama yangu kule Usevya, za kukaangwa kwa mchanga wa moto kwenye chungu.

Leo kaniletea chungu na mchanga. "Haya mama, tufundishe."

Zikapasuka vizuri tu. Ila nilisahau kuzichekecha.

Wajukuu wakatafuna kimya, kwa heshima. Neema akasifu, kisha akaenda kusukutua.

Jino langu la nyuma limemeguka na siwezi kumwambia mtu.

Na sasa ndiyo nakumbuka, mama mwenyewe hakuwa anazigusa. Kila siku alisema ameshiba.