Sijambo ya Baba

Ushirombo,
9 Septemba 1956

Kwa kaka yangu Kalisti,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokitaja mwaka jana kimekuacha. Mimi ni mzima. Mama naye ni mzima, ingawa tangu matanga hali chakula sana, na jioni hukaa mlangoni akiangalia njia ya misheni kana kwamba kuna mtu alimtuma chumvi hajarudi. Mvua bado. Yule ng'ombe mwekundu amezaa dume lenye doa jeupe pajini, sawasawa na mama yake.

Barua yako ilifika Jumanne. Niliisoma peke yangu jikoni, kisha nikamsomea Mama, lakini si yote. Umeuliza inakuwaje mtu aandikiwe kila mara kwamba baba hajambo, halafu aletewe simu ya posta kwamba baba amefariki. Umesema kama tulikuficha, basi huna nyumbani pa kurudi, na mkataba wako ukiisha utaweka mwingine hukohuko kwenye migodi ya Kitwe. Hayo ndiyo sikumsomea Mama. Nimeona nikueleze polepole tangu mwanzo, kisha uamue mwenyewe kama urudi au usirudi.

Unakumbuka kazi ya Baba kule Geita kuliko ninavyoikumbuka mimi. Alikaa kwenye mdomo wa shimo la mgodi, na zamu ilipokwisha na kizimba kilipowapandisha watu, yeye alisimama pale akiita jina la kila mmoja. Vibati vya namba vilikuwepo, lakini hakuviamini, alisema kibati hakina mdomo. Akiita jina, mwenye jina ajibu sijambo. Asiyejibu alitafutwa. Na nyumbani ilikuwa vivyo hivyo kabla ya kufunga mlango, akituita wewe na mimi kama wachimbaji wa zamu yake. Wewe ulipenda kujificha kwa mbuzi ukakaa kimya makusudi, naye husimama ameshika mlango, hafungi, mpaka ujibu. Ukishajibu anakwambia, umechelewa, wewe. Mama alikuwa akilalamika kwamba mbu wanaingia.

Uvimbe ulimtoka shingoni chini ya sikio mwaka juzi, baada ya mavuno ya karanga. Mwanzo ulikuwa kama karanga yenyewe, na hakuujali. Ulipofikia ukubwa wa yai ndipo Padre alipompeleka hospitali ya misheni, wakakata kipande wakakipeleka kupimwa, jibu likarudi kwamba ni saratani na kwamba dawa yake iko ng'ambo ya ziwa. Mama asingeweza kuacha shamba na ng'ombe, tena Kiswahili chake unakijua. Nikaenda mimi. Tulipanda lori la pamba hadi Isaka, tukashika treni ya Mwanza, kisha meli, kisha treni nyingine mpaka kwenye hospitali yenyewe. Njia nzima Baba aliwasalimia watu. Mpaka tunashuka, behewa zima lilimjua kwa jina la Mzee Apolinari wa Geita.

Walianza na sindano ya mshipani. Dawa yenyewe ilikuwa kali, wauguzi waliishika wamevaa mipira mikononi. Siku ya sindano Baba alitapika mpaka hana kitu tumboni, kisha akaendelea kutapika. Nilimshikia beseni kwa mkono mmoja na paji la uso kwa mkono mwingine, kama alivyokuwa akinishikia mimi nilipougua surua. Aliniambia nitazame pembeni, si heshima binti kumwona baba yake hivi. Nilitazama pembeni lakini sikuachia.

Baada ya sindano ikaja mashine ya mionzi. Wodini neno lilikuwa kuchomwa. Umechomwa leo? Bado, kesho. Walimchora shingoni mistari ya wino wa zambarau, wakamkataza kuiosha ili mashine isipoteze njia. Siku za Jumapili alifunga shati mpaka kifungo cha juu kabisa, asije mtu akadhani kachanjwa na mganga kisha amekuja kupokea komunyo. Mashine yenyewe haikumuuma. Alirudi akasema ni kama kulala chini ya pipa linalonguruma. Maumivu yalikuja baadaye, yakaja kidogokidogo. Ngozi ya shingo ikawa nyeusi kisha ikabanduka kama ganda la kiazi kilichookwa. Ndevu za upande mmoja zilidondoka, nikawa naziokota kwenye blanketi kila asubuhi kabla hajaamka. Akanifuma. Akasema niziache, hajawahi kupata kinyozi wa bure. Mate yalimkauka mdomoni hata ulimi ukagandana na kaakaa, na kila chakula kikawa na ladha ya kufuli. Ugali ulimshinda. Nilimpikia uji wa mtama nikauchuja kwa kitambaa, nikaupoza, nikatia maziwa. Mama alikuwa amenifungia michembe ya viazi vilivyokaushwa katika khanga yake ya zamani. Niliiloweka mpaka ikawa laini kabisa, akakaa nayo mdomoni muda mrefu, si kwa ladha, kwa kuikumbuka tu.

Kwenye banda la kupikia nilikuwa na mwenzangu aitwaye Bhoke, Mkurya wa upande wa Tarime, aliyemuuguza mumewe. Mwanamke wa maneno huyo. Mume wake alikuwa na ugonjwa kama wa Baba, na kitanda chao kilikuwa jirani na chetu. Siku moja aliniuliza kwa nini mume wake anapewa dawa ya kusukutua na ya maumivu, na Baba hapewi. Nikasema labda bado zamu yake. Bhoke akacheka. Akasema, dada, zamu ipi? Huyu baba yako hata akiwa ndani ya sanduku, daktari akigonga atasema hajambo.

Nikaanza kusikiliza. Kweli kaka, daktari yule Mzungu alipita kila asubuhi. Alikuwa mtu mwema, na Kiswahili alikuwa amejifunza kitabuni, anakitamka polepole na kwa bidii. Hujambo, mzee? Baba, na mdomo wake ule wenye vidonda, anajiinua kwenye kiwiko na kujibu, sijambo, bwana. Daktari anafurahi, anaandika, anakwenda kitanda cha pili. Kumbe anaandika kwamba mgonjwa hana maumivu.

Nilimuuliza Baba kwa nini anamficha daktari. Alinishangaa. Alisema hajaficha kitu. Alisema hivi, na nakuandikia kama alivyosema: Mtu akipanda kutoka shimoni mkono umevunjika, nikaita jina lake, hujibu nini? Hujibu sijambo. Kwanza tujue kwamba yupo. Akishajibu, ndipo anasema, lakini mkono. Huyu daktari wako haningojei nifike kwenye lakini. Miguu yake ina haraka.

Nilicheka kaka, kisha nikaenda kujificha nyuma ya banda la kupikia nikalia, kwa kufikiria asubuhi zote zile alizobaki na lakini yake mdomoni.

Kesho yake nilimngoja daktari mlangoni, nikamweleza kama nilivyoweza. Nilidhani atakasirika. Aliingia, akakaa kitandani kwa Baba, kitu ambacho muuguzi hakukipenda. Akauliza, hujambo, mzee? Baba akajibu, sijambo. Daktari hakuinuka. Akangoja. Baba alinitazama, akamtazama daktari, akasema, lakini. Na hapo akaeleza yote, koo, ulimi, usingizi, hata mambo ambayo mimi mwenyewe sikuyajua. Tangu siku hiyo alipewa dawa, na daktari alikaa kila asubuhi kungoja lakini. Bhoke naye akambadilisha jina, akawa anamwita Mzee Lakini, na Baba alilipenda jina hilo mpaka tunaondoka.

Sasa nakuja kwenye barua tulizokuletea. Niliziandika mimi, lakini maneno ni ya Baba, kila neno. Alilala anatazama juu, mimi nimekaa na karatasi gotini, naye anataja. Andika, Baba hajambo, anakusalimu. Kisha anasema basi. Mara ya kwanza nilimuuliza, na lakini? Akasema ya Kalisti haina lakini. Nikambishia. Nikamwambia wewe ni mtu mzima, nawe ni haki yako kujua. Akanijibu kwamba mtu aliye chini hapewi lakini. Akasema alisimama mdomoni mwa shimo miaka mingi, na waliopondwa na mwamba wengi wao walishuka asubuhi hiyo na habari mbaya kutoka nyumbani, mke mgonjwa, mtoto kafa. Wanakata jiwe huku wanatazama nyumbani. Akasema, akipanda juu, akija hapa, nitampa zote kwa pamoja. Huyo atazame mwamba wake.

Basi kaka, hukufichwa kwa kupuuzwa. Alikuwa anakushikia mwamba.

Uvimbe ulipungua, ukarudi bapa kabisa, tukarudi nyumbani kabla ya Pasaka ya mwaka huu tukiwa na furaha. Njiani Baba hakusalimia watu kwa sauti maana sauti ilikuwa imekwisha, ilibaki pumzi tu, lakini aliinua kofia. Mama alipomwona shingo ile, alimpaka samli pole pole. Mwezi wa sita uvimbe ukatoka upande wa pili. Padre akaandika kwa daktari, na daktari akajibu kwamba mashine haiwezi kupita tena pale ilipopita, na kwamba amsalimie Mzee Lakini. Nilimsomea Baba. Alitabasamu, akasema mwambie sijambo. Sikungoja zaidi, nikidhani amemaliza. Baada ya muda akasema, lakini nimechoka.

Hili la mwisho sijamwambia mtu, hata Mama. Ilikuwa alasiri, saa ambazo zamu hubadilishana kule Geita. Mama alikuwa ameenda kisimani. Mlango ulikuwa wazi na jua limeingia mpaka kwenye mguu wa kitanda. Baba alifumbua macho, akainua mkono kama mtu aliyeshika kitu, akaanza kuita majina. Pumzi tu, ilinibidi niiname. Pantaleo. Anangoja kidogo, anatikisa kichwa kuitikia, anaendelea. Stanslaus. Gregory. Wengine walikufa tukiwa watoto. Lakini yeye aliwasikia wote, nakuapia, kila mmoja alimjibu na yeye akaridhika. Aliniita na mimi, nikasema sijambo, Baba.

Kisha akaita Kalisti.

Akangoja. Wale wengine aliwasikia, wewe hakukusikia. Akaita tena. Mkono bado uko juu, hauteremki. Nilimwambia Baba, Kalisti yuko kazini. Ni kama sikusema. Akaita mara nyingine, na macho yake yakaanza kutafuta chumbani, nami nikaelewa kwamba hatafunga. Atakaa hivyo mlangoni mpaka ujibu, na nguvu za kukaa hana.

Kaka, nilijibu mimi. Nilikaza koo, nikaifanya sauti nzito kama yako ulipokuwa unatoka kwa mbuzi, nikasema, sijambo.

Mkono ulishuka. Akasema, umechelewa, wewe. Kisha akaniambia, au alikuambia wewe, sijui, funga mlango. Nikainuka nikaufunga, na jua likiwa bado nje. Hakusema neno jingine. Alitutoka asubuhi iliyofuata, Mama amemshika miguu.

Hicho ndicho nilichokuficha, na hicho kimoja ni changu. Nilijibu kwa jina lako bila ruhusa yako, na sikujua kama kilichosemwa na kinywa changu ni kweli. Huenda siku ile ulikuwa mgonjwa. Huenda ulikuwa chini. Tangu hapo neno lile linanikaa moyoni kama kitu nilichoazima sijakirudisha.

Kwa hiyo sikuombi uharakishe kurudi, wala usitusamehe kwa kulazimishwa. Nakuomba uniandikie neno moja tu kwa mkono wako, sijambo, ili nililomwambia Baba liwe kweli. Na kama iko lakini, iandike pia. Mimi siko chini ya ardhi. Nitaikalia na kuingoja.

Mama anakusalimu sana. Anasema kofia ya Baba iko msumarini mahali pake na haijavaliwa na mtu. Wasalimie rafiki zako wa huko ambao hatuwajui.

Unapoingia kwenye kizimba cha kushuka, nikumbuke.

Ni mimi mdogo wako,
Mektilda Apolinari