Punje Zangu Nimeweka Kwenye Daraja

Rudewa, Kilosa

Mpendwa Baba Kulwa,

Pole na machunga. Huku tunapumua. Doto ameota meno mawili, akinyonya ananing'ata. Yule ng'ombe mwekundu amezaa dume.

Juzi wale wa mpango wa uchumi wa mkoa, wa fedha za Ulaya, walikuja shuleni kutuuliza kianze kitu gani. Walitandaza picha chini: josho, ghala, daraja. Kila mtu akapewa punje tatu za mahindi aweke anapopenda. Najua uliniagiza josho. Zote nimeweka kwenye daraja.

Mdogo wako Shimba akanicheka mbele za watu: "Shemeji, daraja linakamuliwa?"

Yule dada wa mpango naye akasema nizigawe, nisirundike sehemu moja. Nikamwonyesha Doto, nikamwambia, "Dada, pacha wa huyu alinifia mgongoni tukisubiri mto upungue." Akaziacha punje zangu zilipo.

Josho limeshinda. Sikulaumu, ng'ombe ndio wanaotulisha. Ila kabla ya masika mimi na Doto tunahamia ng'ambo ya mto, Kilosa mjini, kwa shangazi Juliana, karibu na hospitali. Sijakukimbia, Baba Kulwa. Shuka lako nimelifua, na unga upo. Ukimaliza machunga, tufuate.

Kaburi la Kulwa nimelifyekea. Liko palepale njia ya josho itakapopita. Ukiwapeleka ng'ombe kuogeshwa, wazungushe kwa mbali, wasimkanyage mtoto.

Ni mimi wako,
Mama Kulwa