Nyanya za Shilingi Hamsini

Kibarani, Kilifi
Jumamosi, 18 Oktoba 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti la kushoto laonaje? Naanza na goti kwa sababu najua nikikuuliza hali utasema ni njema, hata kama asubuhi umeinuka kitandani kwa kushika ukuta. Mbuzi nao wazima? Na Pamela jirani yako bado akuchotea maji, au ameshachoka? Sisi huku tu wazima wa mwili, watoto waenda shule, na mkweo Mangi akuamkia kwa heshima zote. Mdogo wangu Mbeyu sina haja ya kumuulizia. Bila shaka amekupigia kutoka Nairobi, na bila shaka ile shuka aliyokuletea bado waitandika kila aingiapo mgeni.

Utashangaa kupata barua na simu ninayo. Lakini wewe ukipokea simu waiweka sauti ya juu, na nyumba tatu zasikia. Haya ninayotaka kusema si ya nyumba tatu. Nimeandika kwa herufi kubwa, kama zile za kitabu chako cha masomo ya gumbaru, ili usome mwenyewe na miwani yako, polepole, ukiwa umekaa.

Mama, mwaka huu nimeshikwa na wivu. Sisemi wivu wa kutaniana kisimani. Nasema wivu wa kumfanya mtu anuse shati la mumewe kabla hajalitia majini.

Ulianza kwa nyanya. Lakini kwanza nikueleze kazi yangu, maana watu wengi hapa Kibarani wadhani nauza kitu. Siuzi. Nauliza bei. Kila katikati ya mwezi nazunguka na tableti na mizani ndogo, maduka yale yale, vibanda vile vile, nikiuliza unga, sukari, mafuta, nyanya na nazi. Mizani ni ya mafungu. Wauza mboga wa siku hizi ni werevu, bei hawaigusi, wapunguza fungu. Fungu la hamsini lililokuwa na nyanya nane leo lina tano, nawe ukiuliza waambiwa bei ni ile ile, mama, haijapanda. Mimi nalipima na kuliandika. Wenzangu wafanya hivyo hivyo Malindi, Mtwapa, huko kwenu Magarini na kote nchini, halafu wakubwa wajumlisha, na mwisho wa mwezi redio yatangaza maisha yamepanda kiasi gani. Haipandi sawasawa. Malindi yaweza kushuka na Kilifi ikapanda wiki ile ile. Mwezi wa sita nazi moja Mtwapa ilikuwa hamsini, hapa arobaini, na kwenu ishirini na tano. Mambo haya nayajua kama nijuavyo jina langu.

Na jambo moja ambalo tableti haina pa kuliandika ni kwamba nyongeza imekufa. Zamani ukinunua kwa mtu mara mbili, ya tatu alikutupia nyanya moja au kitunguu juu ya fungu, mkacheka. Sasa nazunguka mwezi baada ya mwezi na sijaona mkono wa muuzaji ukirudi mara ya pili kwenye meza.

Sasa Mangi. Tangu mwezi wa nne yuko Mtwapa, apitisha mabomba kwenye nyumba za ghorofa. Unamjua alivyo, maneno yake ni haba kama chumvi kwa mgonjwa wa presha. Siku moja ya mwezi wa sita akarudi na mfuko wa nyanya, kubwa, nyekundu, zimekaza. Wanawake wengine mume akiingia humpa pole ya kazi. Mimi kwa mazoea ya kazi yangu nikauliza ni ngapi. Akasema hamsini. Nikauliza wapi. Akasema Junju, pale barabarani. Akaenda kuoga.

Mfuko ulinilemea mkono. Nikatoa mizani ya ofisi, nikazipima. Kilo moja na robo. Nikapima tena, nikidhani mizani imeharibika. Kilo na robo kwa hamsini, Mama, wakati kaunti nzima hamsini ni nusu kilo, na hiyo ni kwa muuzaji mwenye huruma. Wiki iliyofuata ikawa vile vile. Halafu vitunguu. Halafu nazi tatu kwa bei ya moja. Nikampigia Nicholas, mwenzangu anayeuliza bei Malindi na Magarini, nikajifanya namuuliza mambo ya kazi, kama kuna mahali pwani hii nyanya ziko rahisi hivyo. Akasema hata shambani, mkulima akiwa na shida, huzipati. Basi nikajua. Mwanamume hapewi kilo na robo kwa hamsini kwa sababu anaamkia vizuri. Hiyo si bei. Hayo ni mahaba.

Toka hapo sikuwa na raha. Nilimtengeneza yule mwanamke kichwani nikampa kila kitu nilichokosa: mrefu, ana mwanya, hacheki ovyo, amesoma. Kila nyanya niliyokata niliiona ni salamu yake. Mara nikaacha kabisa kuzipika. Nikampikia Mangi mboga ya mchunga mtupu siku tatu, uchungu wake kama ulivyo, na nyanya zikiozea kikapuni, mimi ambaye kutwa naona watu wakigeuza nyanya moja mkononi na kuirudisha mezani. Yeye akala mchunga wake, akasema ahsante. Ule upole wake ndio ulionizidishia. Mtu asiye na hatia, nikajiambia, angeuliza nyanya ziko wapi.

Mwezi wa nane akaanza kujenga. Akaleta matofali kidogo kidogo, akainua chumba uani, nyuma ya jiko, chenye mlango wake peke yake. Nikamuuliza cha nini. Akasema, kitafaa. Neno hilo moja tu. Nikasubiri nione kinatokea nini. Akatia bati, akatia dirisha, kisha akaweka choo cha kukalia humo humo ndani, na kando yake akafunga bomba la chuma ukutani, chini chini, la kushikia. Sisi watu wa nyumba hii tuna choo cha shimo huko nje tangu tuhamie, na sijawahi kupewa cha kukalia. Nilisimama mlangoni nikakitazama kile choo cheupe, nikasema moyoni, mke gani huyo anayeletwa asiyejua kuchutama? Usiku huo nililia, Mama. Nilikuwa tayari kukusanya vyangu. Nilishaanza kuhesabu ni kipi nilinunua mimi na kipi alinunua yeye, na sufuria kubwa nilikwisha kuiweka upande wangu.

Jumanne iliyopita nikaenda Junju. Junju haimo kwenye orodha yangu, sina ruhusa ya kuuliza bei huko, lakini nilivaa kitambulisho cha ofisi shingoni na mizani nikaitia mkobani. Nilikusudia mambo mawili. Kwanza kumwona. Pili, kumwambia mbele ya wateja wake kwamba bei ya mume wa mtu haiandikwi kwenye tableti. Maneno hayo niliyakariri njia nzima.

Nikamkuta. Aitwa Kasiva, Mkamba, mama wa makamo, mfupi, amefunga leso kiunoni, na mwanya hana. Nilivunjika moyo kidogo, nakwambia kweli, maana nilikuwa nimejiandaa kwa mzuri. Nikauliza fungu ni ngapi. Hamsini. Nikalipima mbele yake. Nusu kilo, tena pungufu kidogo. Nikamuuliza kama kila mtu anapewa hivyo hivyo, au kuna mteja wa kipekee. Akanitazama kitambulisho, akanitazama uso, akatazama mizani. Akauliza kama mimi ndiye bibi ya yule fundi wa mabomba. Nikasema ndimi. Yale maneno niliyoyakariri yalikuwa ulimini kabisa.

Akasema, "Huyo mzee hununua kilo na robo, na hulipa mia moja na ishirini na tano, hata haombi nipunguze. Lakini aliniambia bibi yake akikuja hapa, niseme ni hamsini. Sasa wewe umekuja na mizani, mimi nitasema aje?"

Nikamuuliza kwa nini mtu alipe mia na ishirini na tano aseme hamsini. Akasema hata yeye alimuuliza, na Mangi akamjibu kwamba mama mkwe wake anaishi peke yake Magarini, mguu ni mbovu, na mke wake hathubutu kumleta kwa sababu ya bei za Kilifi. Yeye ni mkwe, haifai kubishana na mke juu ya mama yake. Kwa hiyo ameona afadhali bei zishuke.

Nikakaa juu ya kreti lake. Kasiva akadhani ni jua, akanipa maji. Kisha akachukua fungu nililopima, akalitia mfukoni, akarudisha mkono mezani akaongeza nyanya mbili. Nyongeza, Mama. Yule niliyekuja kumtukana ndiye aliyenipa. Moja niliila njiani bila kuiosha, nikijificha uso kwa leso.

Sasa nifikie lililoniandikisha barua hii. Ukumbuke mwezi wa tatu uliponipigia, Mbeyu akiwa ameshahamia Nairobi. Ukaniambia nyumba imekuwa kubwa, na goti lakusumbua, na kama itawezekana uje ukae kwangu. Nikakwambia Kilifi hakukaliki. Nikakwambia nazi moja ni sabini. Nikakwambia unga, nikakwambia mafuta, nikakutajia bei moja moja kama ninayesoma tableti, nawe ukaitikia kila moja, kwa sababu nani ajuaye bei kuliko Kahonzi? Nazi haijawahi kufika sabini hapa. Siku ile ilikuwa arobaini, na Mangi alikuwa amekaa pale pale akiifua, aliyoinunua mwenyewe kwa hiyo arobaini. Alisikia yote. Akaendelea kuifua. Mimi ambaye sijaidanganya ofisi hata shilingi moja, nilikudanganya wewe shilingi thelathini kwa kila nazi.

Na si bei iliyonifanya. Ni Mbeyu. Ng'ombe wa marehemu Baba aliuzwa ili Mbeyu akasomee uuguzi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne miaka miwili kabla yake, na alama zangu zilikuwa bora, nikaambiwa ningoje. Nimengoja miaka kumi na tisa. Sikuwahi kulisema, nalitafuna tu. Kila uliponionyesha ile shuka, kila uliponiambia Mbeyu kasema hivi, Mbeyu katuma vile, mimi niliona ng'ombe. Basi uliponiomba, nikasema moyoni, si una mwana wako muuguzi, akuchukue yeye. Aliposema ana chumba kimoja, ulimwonea huruma, ukasema maskini mwanangu. Mimi nikakutajia bei. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia Junju, kwenye kreti la nyanya.

Lakini hilo la ng'ombe ningeweza kuishi nalo. Lisilonipa usingizi ni ulivyonijibu. Nilipomaliza kutaja bei zangu ulisema, "Kahonzi, mimi siku hizi nala kidogo." Nami nikasema mtandao ni mbaya, nikakata.

Mtandao ulikuwa mzuri, Mama. Nisamehe. Sikuombi unisamehe ya ng'ombe, ile tutaizungumza tukiwa tumekaa, nami sitaficha kwamba bado inaniuma. Nisamehe ya nazi.

Niliporudi kutoka Junju sikumwambia Mangi nilikotoka. Nilimwekea mchuzi wa nyanya, nikamwambia aende akakuchukue. Akatafuna, akauliza, "Na bei?" Nikamwambia nimeshaiona. Akainamia sahani, lakini nilimwona anacheka. Chumba kina kitanda tayari, nimekitandikia mimi, na lile bomba la kushikia nimelijaribu kwa uzito wangu wote na halitikisiki.

Anayekukabidhi barua hii ni yeye. Sasa hivi atakuwa amekaa nje, kwa heshima ya mkwe, akijifanya anatazama mbuzi. Hajui nilichoandika, nimemwambia ni salamu, kwa hiyo tafadhali ile habari ya mizani usimsomee. Mbuzi mwachie Pamela. Nisalimie nyumba zote tatu, na Mbeyu akipiga mwambie uko kwa dada yake. Usimpe Mangi majibu aniletee. Mpe begi lako.

Na ukifika kwangu, Mama, usile kidogo.

Ni mimi mwanao, muuliza bei,
Kahonzi