Uso wa Watu Wawili

Mshangano, Songea

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo mama. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa kupulizia mikorosho kiwe kimepoa. Msalimie kaka Daimu na wanawe. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, na goti nililopasuliwa limekaa sawa. Ila moyo haujatulia. Nimeona nikuandikie mwenyewe kabla watu wa sokoni Tunduru hawajakuletea maneno.

Kuna unga wa maumivu ya viungo unauzwa hapa mjini, unaitwa Goti Chuma. Kwenye kopo kuna picha ya mwanamke mwenye jezi namba tisa, kifuani imeandikwa Radi, na chini yake maneno kwamba goti lake lilipona kwa unga huo. Mama, jina la Radi nimelipata uwanjani, na hapa Songea hata asiyependa mpira analijua. Nilipoliona bango la unga huo kule Msamala nilidhani wameiba picha yangu ya zamani.

Asubuhi iliyofuata wakaja vijana wawili kutoka Matogoro. Mama yao, mwalimu mstaafu Lidwina, alikuwa ameacha dawa za hospitali akawa anakoroga unga ule. Figo zikagoma, akalazwa. Mkubwa wao, Sixbert, hakupaza sauti. Aliweka kopo juu ya meza yangu akasema, "Mama alituambia, kama unga umemponya Radi, na mimi utaniponya. Sasa tueleze."

Niliapa kwamba sijawahi hata kuuonja. Akageuza kopo picha ikanielekea, akauliza huyo ni nani kama si mimi. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, hapiti wala hapishi. Walipoondoka nikafunga mlango nikatoka.

Nilikwenda kwa wakili, Bi Kunegunda. Alinieleza kwamba jina la mtu na sura yake si vya kila mfanyabiashara kuokota. Anayetaka kuvitumia kuuzia bidhaa zake ni lazima kwanza apate ridhaa ya mwenyewe. Tukaenda pamoja kwa mwenye unga, bwana mmoja anaitwa Majaliwa. Alitukaribisha vizuri, akaagiza soda. Kisha akasema hajaiba picha ya mtu. Mwanamke yule alikuja kwa hiari yake, akapigwa picha, akalipwa.

"Huyu si wewe, dada," akaniambia. "Tazama kidevu."

Nikatazama. Unalijua kovu langu la kidevuni, nililolipata nilipojigonga kwenye nguzo ya goli. Kidevu cha kwenye kopo hakina kitu. Hapo nikaomba tutoke.

Mama, najua umekwisha kuelewa. Ni Mwanaisha.

Nilimwambia Bi Kunegunda kwamba nina pacha. Akasema sura ile kweli ni ya Mwanaisha, lakini jezi, namba na jina ni vyangu, na wamemvalisha ili watu wanione mimi. Kesi ina mashiko. Ila lazima Mwanaisha mwenyewe aseme mahakamani alivyovalishwa, na akisema huenda naye akabanwa.

Nikapanda basi kwenda kwake Mbinga. Hakukana. Alisema walimwambia ni tangazo la nguo za michezo, lakini walipompa jezi yenye jina langu alijua, na akaivaa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Tangu utotoni watu wananisimamisha njiani, wakigundua si wewe wananiacha. Uso huu na mimi nimezaliwa nao, Sabra. Siku ile mtu aliutaka wa kwangu." Nilikuwa nimekwenda na maneno makali tayari, mama, nikayaacha. Nilimwambia tu kuhusu mwalimu Lidwina. Hakuwa amesikia. Alikaa chini sakafuni.

Tulirudi Songea pamoja, tukaenda hospitali moja kwa moja. Sixbert alitaka kutuzuia, kisha akatuangalia sura zetu, akasogea. Mama yake alikuwa amevimba uso, anaongea kwa shida. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza ni yupi kati yetu aliyemwambia anywe. Ningeweza kueleza. Kabla sijafungua mdomo, Mwanaisha alipiga magoti kando ya kitanda akasema, "Ni mimi, mama."

Mahakama imezuia unga ule usiuzwe hadi kesi isikilizwe. Mwalimu bado anasafishwa damu, na madaktari hawajatuahidi kitu. Mwanaisha atatoa ushahidi. Mimi nitakaa upande wa wanaodai, naye sijui watamkalisha wapi. Tuombee sote wawili, mama, wala usichague.

Analala hapa kwangu. Nimemwomba aongeze salamu zake, amesema hana uso wa kukuandikia. Basi pokea za kwangu, na zake pia ziwemo humo humo.

Ni mimi mwanao,
Sabra