Spika za Nyuma Zisubiri

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba asiyesikia apigiwe kelele. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu barua yako yote inalizunguka, nami nakujua huna subira. Sasa salamu. Mimi ni mzima, nakula, nalala, magoti yananung'unika asubuhi tu, yakishapashwa moto yananyamaza. Natumaini nawe u mzima na kile kikohozi cha vumbi la uwanjani kimekuacha.

Umeniandikia kwamba kwenye tamasha lenu la mwaka jana watu wa mbele walijiziba masikio, wa nyuma hawakuambulia neno, na wanaoishi jirani na uwanja walilalamika kwamba hawakulala. Juu ya hayo mvua ikanyesha, uwanja ukawa tope, watu wakarudi makwao na viatu mkononi. Sasa kamati imekukabidhi wewe sauti na uwanja kwa pamoja, na imesema mambo yakiharibika tena tamasha linafungwa, na kazi yako nayo. Nimeelewa. Twende polepole.

Sauti hupungua nguvu kadiri inavyokwenda mbali, kama maji yaliyomwagwa mchangani. Ukiongeza tu ili ifike nyuma, utawaumiza wa mbele kabla hujawafikia wa nyuma. Usiongeze, sogeza. Simamisha minara katikati ya uwanja, weka spika nyingine huko, ziwasemeshe wa nyuma kwa upole. Lakini hapo pana mtego. Umeme ndani ya waya unakimbia, sauti hewani inatembea kwa miguu. Spika za katikati zitatamka neno kabla neno lenyewe halijawasili kutoka jukwaani, na mtu wa nyuma atasikia kila kitu mara mbili, kama anayeimbiwa na mapacha wasioelewana. Kwa hiyo zicheleweshe. Spika za nyuma zisubiri za mbele, kidogo tu, mpaka sauti mbili ziwe moja.

Halafu geuza jukwaa. Umesema linatazama ukuta wa ghala. Ukuta mtupu haukai na siri, kila unachoambiwa unarudisha.

Simu usijisumbue kupiga tena. Sikio la kushoto limeshafunga duka, la kulia linafungua likitaka. Daktari amesema huenda likafika katikati ya mwaka, baada ya hapo hakuahidi kitu. Kile kifaa cha sikio nimekivua. Kinakuza vyote kwa pamoja, sufuria na mtu, mpaka sijui nani ananisalimia. Jirani yangu fundi cherehani ameamua kuniokoa kwa njia yake. Kila asubuhi anasimama dirishani kwangu na kunifokea salamu kana kwamba niko ng'ambo ya mto. Naona mdomo unapanuka, sisikii kitu. Namjibu hivyo hivyo, maana ni mtu mwema, na siku nyingine hapiti mwingine.

Baba yako.

19 Februari

Shikamoo Baba,

Nimeipokea barua yako nikiwa juu ya ngazi, nikaisoma huko huko. Mimi mzima, kikohozi kimekwenda, shida ni usingizi tu. Wewe je, unakula kweli au unaandika tu kwamba unakula?

Jukwaa nimeligeuza. Mwenyekiti wa kamati alikuja juu. Huyu mzee vijana wa nyaya wamembatiza Mzee Ongeza, kwa sababu kila tukifanya majaribio hutembea mpaka mwisho wa uwanja, akainua mkono na kusema ongeza. Nilimweleza habari ya minara na kuchelewesha kama ulivyonifundisha. Akaniuliza ni fundi gani duniani anayelipwa ili achelewe. Vijana wamecheka mpaka leo. Sasa mmoja wao akichelewa kazini anasema yeye ni spika ya nyuma.

Baba, tamasha ni mwisho wa Juni. Nataka uje. Miaka yote hii nafanya kazi ya sauti na wewe uliyenifundisha sauti ni nini hujaisikia kazi yangu hata mara moja. Nataka uisikie kabla sikio halijafunga. Nimeshalisema, usinijibu kwa habari ya magoti.

Najua tangu tulipomzika Mama sijakanyaga nyumbani. Nitakuja, tukishamaliza hapa. Kila nikisema kesho, uwanja unanitafutia kazi nyingine.

Mwanao.

11 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi nimeamka salama, na tangu barua yako ifike nimekuwa na safari ya kuifikiria, jambo ambalo ni nusu ya afya. Nitakuja. Nimeshanunua viatu. Fundi cherehani amenipunguzia suruali, akaniuliza naoa lini.

Mambo mawili kabla sijasahau. Kwanza, usipime sauti asubuhi uwanja ukiwa mtupu kisha ukaondoka umeridhika. Miili ya watu hunywa sauti. Uwanja uliojaa ni chumba kingine kabisa, kwa hiyo acha nafasi ya kurekebisha watu wakishaingia. Na jioni ni tofauti na mchana. Ardhi ikiwa na joto, sauti hupinda ikaenda juu. Ardhi ikipoa na hewa ya juu ikabaki na joto, sauti hupinda ikarudi chini na kusafiri mbali. Ndiyo maana majirani zenu hawalalamiki mchana. Giza likiingia punguza besi, ndiyo inayowaingilia vitandani.

Pili, kila baada ya muda toka mezani kwako uende ukasimame na yule aliye mbali kuliko wote. Meza yako iko mahali pazuri, na mahali pazuri hapamwambii mtu ukweli.

Hapa nyumbani ni kimya, na sisemi hivyo ili unihurumie. Nakueleza tu, maana hata kimya kina sura zake. Birika likichemka sasa naliangalia mvuke. Juzi niliacha maji ya bomba yakimwagika tangu alasiri, nikayakuta miguuni. Redio naiwasha bado, naweka kiganja juu yake. Sauti ya mtangazaji wa kiume naipata kidogo. Ya wanawake imeshakwenda. Kwa hiyo uwaambie waimbaji wenu wa kike kwamba Juni nitawategemea wajitahidi.

Baba yako.

2 Mei

Shikamoo Baba,

Hujambo? Sisi huku hatujambo ila nyasi. Sauti sasa iko sawa. Tulijaribu minara wiki iliyopita, nikasimama mwisho kabisa, na kijana akanong'ona kwenye maikrofoni, nikamsikia kama yuko begani kwangu. Mzee Ongeza alisikiliza, akakosa la kuongeza, akaondoka.

Uwanja ndio umenishinda. Tulichimba mitaro pembeni, tukamwaga kokoto kwenye njia za kupita watu, tukapanda nyasi upya mahali pote palipokuwa tope. Mvua ikaja mapema ikazoa mbegu. Tumepanda tena. Mtunza bustani amening'olea mche mmoja, akanionyesha mzizi wake. Mwembamba kama uzi. Anasema watu wakiukanyaga uwanja huu mwezi Juni, kufika jioni tutarudi kwenye tope la mwaka jana.

Kamati imeniambia nichague. Tufanye Juni kama ilivyopangwa, au tusogeze mpaka Septemba nyasi zishike. Wote wananiangalia mimi. Wanadhani nawaza nyasi. Baba, mimi nawaza sikio lako. Likoje? Ukiniambia Juni, tutafanya Juni, nitatandika hata mbao uwanja mzima.

Mwanao.

9 Mei

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima.

Umeniuliza maswali mawili katika bahasha moja. La sikio daktari mwenyewe hana jibu, na mimi si daktari. La uwanja jibu lake ninalo. Ahirisha. Mbao zikilowa huteleza, watu watavunjika miguu, na chini yake nyasi zitakufa, mwakani uanze upya kama utakuwa bado na kazi. Mzizi hauharakishwi. Wamekuuliza wewe kwa sababu ni kazi yako, basi jibu kama fundi, usijibu kama mtoto wa mtu.

Viatu havitaoza.

Baba yako.

18 Agosti

Shikamoo Baba,

Vipi hali yako? Nakuandikia mara ya tatu bila jibu. Nilimpigia fundi cherehani. Amesema u mzima, unatoka, unanunua mkate, ila siku hizi humjibu anapokusalimia, na anaogopa amekukosea. Nilimuuliza kama unasikia. Akasema, "Dada, mimi nafoka kwa nguvu zangu zote."

Nilikata simu nikakaa garini.

Baba, tamasha ni wiki ya kwanza ya Septemba. Ndani ya bahasha kuna tiketi ya basi na kadi ya kuingilia. Nimekuwekea kiti mbele, kando ya meza yangu, kina jina lako. Nyasi zimeshika, ukivuta zinakatika jani, mzizi unabaki. Hata kama husikii, njoo. Sijui nikueleze vipi. Njoo tu.

Mwanao.

14 Septemba

Shikamoo Baba,

Natumaini u salama. Tamasha limepita. Mvua ilinyesha mchana, maji yakafuata mitaro yakaenda zake. Majirani hawakulalamika, mmoja wao alileta watoto wake. Mzee Ongeza amenishika mkono mbele ya kamati na kusema mwakani ni mimi tena. Kila mtu alikuwa na mtu wa kumkumbatia. Mimi nilikunja nyaya.

Kiti chako kilikaa kitupu mpaka mwisho. Mara tatu walikuja watu kuuliza kama wanaweza kukaa, nikawakatalia. Sikulaumu. Nilisogeza tamasha kwa mkono wangu mwenyewe, na sikio halikusogezwa. Ningefanya Juni ungekuja.

Mwanao.

21 Septemba

Mwanangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie. Mimi ni mzima wa mwili. Masikio yote mawili yamenyamaza tangu Julai, na barua zako nilizipata zote. Nilikuwa kila nikishika kalamu naona nitakuandikia jambo litakalokufanya uharibu kazi yako, nikaiweka chini.

Nilikuja.

Sikukaa kwenye kiti chako kwa sababu pale mbele ungenitazama mimi badala ya kutazama kazi. Nilikaa benchi la mwisho kabisa, karibu na uzio. Nilipita juu ya kokoto, viatu vikafika vikavu. Nyasi niliziinamia nikazivuta kama ulivyoandika. Kweli, linakatika jani tu.

Sasa nikueleze alichokiona mtu asiyesikia, maana huenda hakuna mwingine atakayekueleza. Yule mwimbaji mnene alisema utani fulani kati ya nyimbo mbili. Niliona watu wa mbele wanacheka, na wakati huo huo watu wa benchi langu wanacheka. Hawakupishana hata kidogo. Mahali ambapo sauti haijapangwa, kicheko husafiri kama habari ya kuazima, wa nyuma wanacheka kwa kuwaonea haya wa mbele. Pale palikuwa na kicheko kimoja. Mama mmoja mwenye fimbo, kando yangu, aliimba wimbo mzima na mdomo wake ulikwenda sawa na wa mwimbaji jukwaani neno kwa neno. Nilikuwa nimeshika benchi. Besi niliipata kupitia mbao, ya upole, haimsukumi mtu. Giza lilipoingia ikapungua. Nikajua ni wewe.

Kisha ukaja. Ulitoka mezani, ukapita katikati ya watu mpaka nyuma, ukasimama mbele ya benchi letu umefumba macho, unasikiliza. Ningenyoosha mkono ningeshika shati lako. Sikunyoosha. Mtu anayesikiliza hasumbuliwi, na niliogopa utafungua mdomo kuniita nami sitasikia, na wewe utaliona hilo usoni mwangu ukiwa kazini. Ulifumbua macho, ukatazama mnara, ukaondoka haraka. Nami nikaenda kutafuta basi.

Usiseme tena habari ya Juni. Ndiyo, Juni ningesikia. Ningeulizwa leo ningejibu vile vile. Mimi nilitaka kusikia wimbo, wale walitaka uwanja, na wao ni wengi.

Lakini kuna jambo nimelifikiria tangu nirudi, na nimejaribu kulieleza kwa utaratibu nimeshindwa. Nyumba ni kimya sana. Nimekaa na kimya huyu kama na mtu mzima tangu mama yako aondoke, nikidhani namzoea, kumbe nilikuwa nasikia bado mlango, mvua, miguu ya watu njiani. Sasa sisikii hata kalamu hii. Sauti yako sitaipata tena. Mdomo wako ninaweza kuusoma, kwa sababu nilikuwepo ulipokuwa unajifunza kusema, nikautazama kila siku. Hakuna mwingine ninayeweza kumsoma hivyo. Fundi cherehani najaribu, anapanua mno.

Ukifika usibishe hodi. Sukuma mlango, uzunguke mpaka mbele yangu, ukae palipo na mwanga. Na usiniandikie kwanza kuniuliza lini inafaa. Weka barua hii mfukoni, nenda kituo cha mabasi leo, ukate tiketi.

Baba yako.