Mutua, Uliyemwinukia Kila Mgeni

Mwaka wa kwanza umetimia leo, 14 Machi 1999, tangu utuache, Mutua, Baba Sally. Kiti chako kiko palepale mlangoni, hapa Lodwar, na hakuna anayekikalia.

Ulichanja mbuzi wa watu dhidi ya maradhi kuanzia Lorugum hadi Kakuma, na kote ulijulikana kwa jambo moja: hukuwahi kumsalimia mtu ukiwa umekaa. Hata mtoto aliyetumwa chumvi ulimwinukia, ukamsalimu kwa Kiturkana, "Ejok!", ukampa mkono wa kulia. Mkeo Sellah alikutania kwamba utamaliza miguu bure.

Kisha kiharusi kikakupiga upande wa kulia. Hukuomba kurudi kwa mbuzi. Uliomba tu usimame mlangoni mwako, upokee mgeni.

Kwa miezi mitano Epuyo, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuja kila Jumanne. "Mzee, pua ivuke magoti kwanza, ndio uinuke. Huo mguu mgonjwa ubebe mzigo, usiuhurumie!" Uliinuka, ukarudi kitini kwa kishindo, ukainuka tena. Machozi yalikutoka, ukasingizia vumbi. Fimbo alikupa mkono wa kushoto, ulio mzima, akakuonya usiiachilie kamwe.

Mapema Machi rafiki yako Arop, mkimbizi mwenye duka kambini Kakuma, alikuja kukuona. Sellah kwa furaha akasema, "Baba Sally, simama akuone."

"Kaa tu, Mzee, hakuna shida," Arop akasema.

Ukasimama! Lakini mkono wa kushoto hausalimii mtu wa heshima, na wa kulia ulikuwa haunyanyuki wenyewe. Ukaiacha fimbo, ukaubeba mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, ukampelekea mgeni.

Ulianguka, ukavunjika nyonga. Siku ya tisa ukatutoka.

Hakuna anayemlaumu Sellah ila yeye mwenyewe. Tunamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Bado hujilaumu, na inatuuma kumwona hivyo.

Arop bado anakuja. Siku hizi huketi chini nje ya mlango kabla hajasalimia, asije akamwinua mtu. Lakini Sellah, ambaye magoti yake nayo yamechoka, hupeleka pua mbele kama ulivyofundishwa, akasimama, akampa mkono wa kulia. "Salamu hii ni ya Mutua," husema.

Unakumbukwa na mkeo Sellah, binti yako Sally, rafiki yako Arop na mwalimu wako Epuyo. Mlango huu ukibishwa, Baba Sally, tutasimama kwa ajili yako.