Mito ya Nguzo

Tarehe 4 Agosti

Dada, shikamoo. Sisi huku wazima, mashine ya kushonea tu ndiyo inakohoa. Na mgonjwa wangu anaendeleaje?

Sikupigii simu kwa makusudi. Wakili kasema kila kitu kiwe kwenye karatasi. Nilikukabidhi binti akae kwako asome, na acheze raga kwenye klabu yako, mwenyekiti ukiwa wewe. Umenirudishia picha ya mfupa wa bega vipande viwili. Unasema alisaini fomu kwamba anacheza kwa hatari yake. Sawa. Alikubali kuangushwa na wenzake, ndio mchezo wenyewe, na jina la utani la Greda hakupewa kwa upole. Lakini hakuangushwa na mtu. Aligonga nguzo ya goli, ya chuma, isiyofungwa mto wa sponji! Nguzo nne, zote ziko uchi. Hilo nani alisaini?

Klabu ikiri kosa na igharamie matibabu. La sivyo tutaonana mahakamani, na Greda namrudisha nyumbani.

Mdogo wako,
fundi makochi

Tarehe 11 Agosti

Marahaba, mdogo wangu. Sijambo. Greda analala vizuri, anakula kwa mkono wa kushoto na kunicheka nikimfunga nywele.

Uliyoyasema ni kweli. Sasa nenda nyuma ya karakana yako, pale unaporundika makochi ya watu. Utaona marobota manne ya turubai la buluu. Ndiyo mito yetu. Tulikuletea tarehe 2 Mei uibadilishe vitambaa, ukasema, "Dada, wiki mbili tu." Kila nikikupigia, "Ijumaa, dada." Ijumaa ya mwaka gani?

Dada yako

Tarehe 29 Agosti

Dada, shikamoo. Poleni na kazi. Nimechelewa kujibu kwa aibu, nisikufiche.

Mito niliikuta chini ya kochi la watu watatu. Nilidhani mna mingine. Nimehesabu: toka 2 Mei hadi siku alipoumia, 26 Julai, ni siku 85. Niliahidi 14. Siku 71 ni zangu.

Wakili aliposoma barua yako alicheka hadi akavua miwani. "Fundi, hapa nina watu wawili wa kushtaki, na mmoja ndiye anayenilipa!" Lakini akaongeza, na hili ulisikie: kuchelewa kwangu hakuisafishi klabu. Mliona nguzo ziko wazi, na filimbi ikapulizwa. Kwa nini?

Kesi sifungui. Mito inakuja na lori la kesho, sponji ya inchi sita badala ya nne. Ila ile fomu bado inanikera.

Mdogo wako

Tarehe 6 Septemba

Marahaba, na mito imefika. Kwa nini? Kwa sababu wageni walisafiri mwendo wa saa tano, nikaona haya kuwarudisha. Nimeyasema hayo mbele ya kamati, na yameandikwa: kosa ni la klabu, matibabu ni ya klabu, na hachezi mtu bila bima. Fomu mpya inataja kuangushwa na kugongana, basi. Greda kaisoma mstari kwa mstari. Anasema anabaki, tena usimuulize mara mbili.

Dada yako

Tarehe 17 Novemba

Mdogo wangu, hujambo na nyumba yote?

Daktari karuhusu, na jana ilikuwa Greda arudi uwanjani, ugenini. Kufika, wenyeji wana mito mitatu. Nguzo ya nne wameifunga godoro la kitanda cha mtoto kwa kamba. Nikasema hatuchezi. Kocha wao akang'aka, "Mama, mmesafiri saa nne kuja kutazama godoro?" Tukapanda basi letu tukarudi. Ligi imeamua mechi irudiwe tarehe 6 Desemba, mto wa nne ukipatikana. Greda kaninunia njia nzima. Asubuhi hii kanywa chai kanipa mgongo.

Dada yako

Tarehe 20 Novemba

Dada, shikamoo. Huku kwema.

Greda kanipigia kukushtaki. Nikamwambia hata ningekuwa mimi, basi lingegeuzwa. Kanikatia simu, kwa hiyo tumenuniwa wote wawili.

Waombe wale wenyeji urefu na mzunguko wa nguzo yao, nitaishonea. Tarehe 6 basi lenu lipitie hapa kuchukua mto, na mniachie kiti kimoja. Miaka mitatu namlipia viatu vya raga, na sijamwona akicheza hata siku moja.

Mdogo wako